Tangu Siku Gani Kalamu Iliinuliwa?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyemtukuza binadamu kwa akili, na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Imenifikia barua ya mzee mmoja wa pwani hii, mtu mwenye dini na haya, naye aniuliza jambo ambalo kwa sura yake ni swali dogo la fiqihi, na kwa undani wake ni swali lililoninyima usingizi. Asema ya kuwa mwanawe alikuwa akisali ubavuni pake msikitini tangu udogoni. Alipotimia miaka 16 akaanza kuacha sala, kwanza Alfajiri, kisha zote. Babake akamwonya, kisha akamkaripia, kisha akampiga, kisha akamnunia miezi asiseme naye neno ila salamu. Alipokuwa na miaka 18 kijana yule akatoka usiku, akenda barabarani hana nguo, akisema na watu wasioonekana, na hapo ndipo mji mzima ulipojua ya kuwa akili yake imeharibika. Sasa ana miaka 22. Ametibiwa hospitali, ameza dawa zake kila siku, na kwa rehema ya Mola amerudi msikitini. Mzee aniuliza: sala alizoziacha mwanawe, azilipe kuanzia lini hata lini?

Ndugu msomaji, huenda ukasema mas-ala haya yamo katika kila kitabu kidogo cha fiqihi. Ni kweli. Kwa siku ambazo wazimu ulikuwa dhahiri jawabu ni jepesi: katika madhehebu yetu ya Shafi'i mwenye wazimu hana kadha ya sala alizozikosa katika wazimu wake, maana Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha ya kuwa kalamu haiandiki juu ya watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwenye wazimu mpaka akili imrudie. Hakuna shaka hapo. Shaka iko katika ile miaka 2 ya kati. Je, katika miaka ile kijana alikuwa ni mwenye akili timamu aliyemuasi Mola wake, au alikuwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake ulikuwa haujapata jina? Na ikiwa alikuwa mgonjwa, ugonjwa ulianza siku gani?

Nalitaka kumjibu kwa kaida yetu mashuhuri, ya kuwa yakini haiondolewi na shaka, nikaifunga barua. Lakini mkono ulikataa kuifunga, na sababu yake nitaieleza mbele, maana ni aibu yangu mimi mwenyewe. Basi nikaamua kwanza niulize wenye elimu ya maradhi haya, kwani Mola wetu ametuamrisha tuwaulize wenye kujua yale tusiyoyajua, na daktari katika maradhi ndiye mwenye kujua, kama vile nahodha katika bahari.

Jambo la kwanza nililolipata ndilo lililonishtua. Sisi watu wa pwani twadhani ya kuwa wazimu ni jambo la watu wazima: mtu amefilisika, au amefiwa, au amesafiri akarudi kageuka. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 ulikusanya tafiti 192 za watu zaidi ya 700,000 waliopatwa na maradhi ya akili ya kila namna, wakatazama kila mmoja yalimwanza akiwa na umri gani. Wakaona ya kuwa kiasi cha mtu 1 katika kila 3 yalimwanza kabla ya kutimia miaka 14. Karibu nusu yao kabla ya miaka 18. Na katika kila watu 100, watu 62 au 63 yaliwaanza kabla ya miaka 25. Na umri ambao ndio kilele, yaani umri ambao maradhi haya hujitokeza kwa wingi kuliko umri wowote mwingine, ni miaka 14 na nusu. Tena mwaka 2023 wakatoa wengine khabari za watu zaidi ya 150,000 wa nchi 29, tajiri na maskini, na kilele chao kikawa miaka 15. Watu wa nchi mbali mbali, lugha mbali mbali, dini mbali mbali, na umri ni ule ule.

Sasa, ewe uliyesoma Safina au Abu Shujaa ukiwa mdogo, simama hapa kidogo. Miaka 15 ambayo Shafi'i ameifanya kuwa ndio mpaka wa kubaleghe kwa umri, kwa mvulana asiyeota na msichana asiyeona damu, ni miaka ya mwezi, si miaka ya jua. Dalili yake ni khabari ya Abdallah mwana wa Umar, Mungu awawie radhi, aliyeletwa mbele ya Mtume siku ya Uhud akiwa na miaka 14 asikubaliwe vitani, akaletwa siku ya Khandaq akiwa na miaka 15 akakubaliwa. Na Umar bin Abdilaziz alipoisikia khabari hii katika ukhalifa wake akasema huo ndio mpaka baina ya mdogo na mkubwa. Mwaka wa mwezi una siku 354 na sehemu. Chukua kalamu ufanye hesabu: miaka 15 ya mwezi ni miaka 14 ya jua na miezi kama 6 na nusu.

Miaka 14 na nusu. Nalihesabu mara tatu.

Sisemi ya kuwa huu ni muujiza, wala sipendi ada ya baadhi ya ndugu zetu ya kuchukua kila hesabu ya wazungu wakaibandika juu ya sharia kama kwamba sharia ilikuwa ikiingoja. Sharia imethibiti kabla ya hesabu hizo, na hesabu hizo huenda kesho zikabadilika kidogo. Nisemalo ni jambo jingine, nalo ni zito zaidi. Siku ile ile ambayo kalamu huteremka ianze kumwandikia kijana mema yake na maovu yake, ndiyo siku ambayo chombo cha kubebea taklifu, nacho ni akili, kiko katika hatari kubwa kuliko siku zake zote. Mlango ni mmoja: huku yaingia mizigo, na huku yaingia maradhi. Na sisi tuliosimama mlangoni, wazazi na walimu, twaangalia mizigo tu.

Madaktari wameeleza sababu. Ubongo wa mtu haukomi kujengeka utotoni. Tangu kubaleghe hata kufika miaka kama 25 huwa katika matengenezo: nyuzi zilizozidi hukatwa, zilizobaki hutiwa nguvu, na sehemu ya mbele ya kichwa, ambayo ndiyo ya kupima mambo na kujizuia, huwa ya mwisho kukomaa. Ni kama jahazi linalobadilishwa mbao nalo liko majini limechukua watu. Majahazi mengi huvuka salama. Yale yenye kasoro tangu asili, au yaliyopigwa na mawimbi makubwa, ndiyo yaingiayo maji wakati huo. Huzuka hapa aside ndogo ya kifiqihi: Imam Abu Hanifa alisema ya kuwa aliyebaleghe naye ni safihi asipewe mali yake mpaka atimie miaka 25. Sisi Mashafi'i hatukuifuata kauli hiyo. Kwetu sisi mali haitolewi ila kwa kuonekana rushdi, hata mtu akiwa mzee. Lakini kila nisomapo khabari za ubongo humkumbuka Imam yule, Mungu amrehemu, nikatabasamu.

Na maradhi haya si jinsi moja, wala hayaji kwa wakati mmoja. Yale ya utotoni, ya mtoto asiyeweza kutulia au asiyeshika maneno kama wenziwe, nusu ya watakaopatwa huwa yamekwisha waanza kufika miaka 12. Khofu zilizopita kiasi, miaka 17. Waswasi, na hapa namaanisha waswasi ule ule tuujuao, wa mtu kurudia udhu mara kumi na kuhirimia sala mpaka imamu anarukuu yeye bado yuko katika takbira, kati yake ni miaka 19. Wazimu wa kusikia sauti na kuona yasiyokuwapo, ambao madaktari huuita skizofrenia, kati yake ni 25, na wanaume huwahi kupatwa kuliko wanawake. Huzuni nzito imvunjayo mtu asiweze kuamka, 30. Na kuna maradhi mengine ya uzeeni, ya kusahau hata majina ya wana, na Qur'ani imetutajia umri ule dhaifu. Lakini huo ni mlango mwingine, siuingii leo.

Katika waswasi wanavyuoni wetu walikuwa na jicho kali kuliko tudhanivyo. Sheikh Abu Muhammad al-Juwayni, baba wa Imamul-Haramayn, alitunga kitabu kizima juu yake. Nao wamesema ya kuwa asili ya waswasi ni mawili: ama kutojua sharia, ama kasoro iliyoingia katika akili. Tazama insafu yao! Hawakusema kila mwenye waswasi ni mjinga afundishwe. Wameacha mlango wa pili wazi, mlango wa ugonjwa. Na kabla yao, Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 934 wa miladi, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, akailaumu ada ya matabibu ya kutibu mwili na kuiacha nafsi, ilhali nafsi nayo huugua kama mwili. Na katika mji wa Cairo, sultani Qalawun alipojenga bimaristani yake mwaka 1284, wenye maradhi ya akili walikuwa na mahala pao humo pamoja na wagonjwa wengine. Hawa ni watu wetu. Basi imekuwaje leo, miaka 700 na zaidi baadaye, mwenye maradhi haya katika miji yetu huonekana ni fedheha ya nyumba, afichwe chumba cha nyuma, na mwingine afungwe mnyororo?

Nitajibu swali langu mwenyewe: ni kwa sababu hatuyaoni yakianza. Maradhi ya mwili huanza na homa, na homa kila mama aijua kwa kiganja chake. Maradhi haya huanza na tabia. Kijana aliyekuwa mcheshi huwa kimya. Hulala mchana akakesha usiku. Huacha kuoga. Alama zake za masomo huporomoka bila ya sababu. Huacha marafiki zake wote, hacheka na mtu, au hucheka peke yake. Huanza kudhani ya kuwa watu wamsema. Huacha sala. Sasa, mpe mzazi wa Kiislamu orodha hii bila ya kumwambia ni ya nini, umuulize huyu ni nani? Atakwambia: huyu ni mtoto aliyeharibikiwa na tabia, mvivu, mchafu, asi wa wazazi. Kila alama ya ugonjwa ina jina la dhambi lililo tayari mdomoni mwetu.

Na hali hiyo yaweza kudumu miezi, na mara nyingi miaka, kabla ya wazimu wenyewe kudhihiri. Mjarumani mmoja, Ewald Hecker, aliandika mwaka 1871 juu ya wazimu uanzao katika ujana, na mwenziwe Emil Kraepelin baadaye akaupa jina la kuchakaa kwa akili kabla ya wakati, akidhani wengi wao mwisho wao ni kuharibika tu. Wametokea wengine wakaona si hivyo. Wengi hupata nafuu, na baadhi yao hupona. Na waliotazama kwa makini wameona ya kuwa kila muda upitao baina ya kuanza na kutibiwa unavyorefuka ndivyo kupona kunavyokuwa kuzito. Kwa ajili hiyo mwaka 1992 huko Melbourne, katika nchi ya Australia, daktari Patrick McGorry na wenziwe walifungua mahala pa kuwapokea vijana mwanzo kabisa wa wazimu, na mfano wao ukafuatwa katika nchi nyingi. Sisi hapa hospitali zetu zipo, ya Mathari Nairobi, ya Kidongo Chekundu Unguja, ya Mirembe Dodoma, lakini tumezifanya kuwa kituo cha mwisho cha safari, mtu afikishwe huko akiwa amekwisha funga kamba mikononi. Mganga kwanza, kisha mganga mwingine, kisha mbuzi, kisha kafara, kisha ndoa, na hospitali ikifika zamu yake miaka imekwenda.

Juu ya majini nitasema neno moja, kwani najua utaniuliza. Majini wapo, aliyewakanusha amekanusha Qur'ani. Lakini kuwapo kwa majini si dalili ya kuwa kila aguaye ameguswa na jini, kama vile kuwapo kwa wezi si dalili ya kuwa kila kilichopotea kimeibwa. Msomee mgonjwa, hilo ni jema na lina baraka, nami mwenyewe husoma. Kisha umpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, maana Mtume ametuamrisha tujitibu, na ametujulisha ya kuwa hapana ugonjwa ulioteremshwa ila umeteremshwa na dawa yake. Anayewaambia watu waache dawa kwa sababu yeye amesoma, huyo ametia mkono katika jambo asilolijua, na kwa sharia yetu anayejifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu ni mdhamini wa alichokiharibu.

Na juu ya ndoa. Ada mbaya imekaa katika miji yetu, kijana akianza kubadilika wazee husema: mwozeni, atatulia. Kwa kuwa umri wa kuoa na umri wa ugonjwa ni jirani, wazimu hudhihiri mara nyingi baada ya harusi, na hapo bibi arusi masikini husingiziwa ya kuwa ameingia na nuksi, au mamake amemloga mume. Msichana wa watu miaka 19 achukuliwe awe dawa, na dawa isipofaa iambiwe ndiyo sumu! Wazimu ni katika aibu ambazo kwa madhehebu yetu humpa mume au mke khiyari ya kuvunja nikahi, basi kuificha ni ghishi, tena ghishi katika tupu za Waislamu. Simaanishi ya kuwa aliyepona asioe. Na aoe, na watu wa pande zote mbili wajue. Na kwa kuwa nimewataja wanawake, jueni ya kuwa kuna wazimu umpatao mzazi katika juma la kwanza au la pili baada ya kujifungua. Mume akimwona mkewe katika arobaini yake halali, asema maneno yasiyoungana, amuogopa mtoto wake au amdhania mabaya, asingoje arobaini iishe. Huyo ni wa kupelekwa usiku huo huo.

Bangi sitaisema kwa urefu, hukumu yake yajulikana. Ila vijana wahadithiane hili: askari zaidi ya 45,000 wa Sweden walifuatwa khabari zao kwa miaka 15, na utafiti ukatoka mwaka 1987, waliokuwa wakivuta sana wakaonekana kupatwa na ule wazimu wa sauti mara 6 kuliko wasiovuta. Na aanzaye na miaka 15 si kama aanzaye na miaka 30, kwa khabari ile ya jahazi.

Sasa narudi kwa aibu yangu.

Miaka mingi nyuma, nikiwa mwalimu kijana mwenye bakora nyepesi, nalikuwa na mwanafunzi chuoni ambaye sijapata mfano wake. Alianza Juzuu Amma kama watoto wote, akapanda nayo, na alipokuwa na miaka 14 alikuwa amekwisha hifadhi karibu nusu ya Qur'ani. Kisha akaanza kusahau. Alikuwa akikaa na msahafu mbele yake asigeuze ukurasa. Kanzu yake ikawa chafu. Nikimuita huitika baada ya muda, kama mtu aliye upande wa pili wa mto. Wenziwe wakamcheka, naye akapigana nao, akisema wamsema vibaya, nao waapa hawakusema neno. Nikamwonya kwa wema mara mbili. Mara ya tatu nikamsimamisha mbele ya chuo kizima nikampiga. Katikati ya kipigo akaniambia kwa sauti ndogo: “Mwalimu, hata ukinipiga hawanyamazi.”

Nami nikadhani ananibeua. Nikazidisha.

Baada ya siku zile hakurudi tena. Nikasikia amepelekwa kwa mganga bara, kisha kwa mwingine, na baadaye sana nikasikia amepelekwa hospitali. Sikwenda kumtazama. Nalijiambia ya kuwa sharia imeamrisha mtoto afundishwe sala akiwa na miaka 7 na apigwe kwa kuiacha akiwa na miaka 10, nami nimefanya wajibu wangu. Nalikuwa nimesoma nusu ya mas-ala nikaacha nusu. Mafaqihi wameshurutisha kipigo kisiwe cha kudhuru, na kiwe chenye manufaa. Izzuddin bin Abdissalam, aliyeitwa mfalme wa wanavyuoni, amebainisha ya kuwa mtoto ambaye kipigo chepesi hakimfai hapigwi kipigo kizito, na kile chepesi nacho huondoka kwa kuwa hakina faida. Mtoto mwenye kusikia sauti kipigo chamfaa nini? Na Qur'ani ilipotaja mayatima na mali zao haikusema tuhesabu miaka yao tu. Imetuamrisha tuwajaribu, tuwapeleleze mpaka tuone rushdi. Kuangalia ndiko wajibu wa kwanza wa mlezi. Mimi nalihesabu miaka, nikaona kijana yu karibu na kubaleghe, basi nikaona ni asi. Sikuangalia.

Simaanishi ya kuwa kila ukaidi wa vijana ni ugonjwa. La, hasha. Tutakuwa tumefungua mlango ambao kila mvivu atapita. Kijana aliyekuwa mkaidi tangu zamani akabaki mkaidi, huyo tabia yake ni hiyo, na afunzwe. Wa kuangaliwa ni aliyegeuka: aliyekuwa hivi akawa vile, katika miezi michache, na hana raha na ugeukaji wake. Mpime mtu kwa yeye mwenyewe wa jana, usimpime kwa mwana wa jirani. Na ukishuku, daktari hatakugharimu kama mganga.

Basi mzee wangu, jawabu lako ni hili. Sala za siku ambazo akili ya mwanao ilikuwa imeondoka wazi hana kadha yake. Ama sala za ile miaka 2, asili ni kubaki kwa taklifu, kwani alikuwa akijibu na kupambanua, na wazimu hauthibiti kwa kukisia, basi azilipe. Lakini kadha ni namna mbili: aliyeacha sala bila ya udhuru yampasa kulipa kwa haraka, na aliyeiacha kwa udhuru hulipa kwa nafasi yake. Mimi naona alama ulizoziandika katika barua yako, kukesha, kuacha kuoga, kujitenga, zatosha kuwa udhuru, na kumhimiza haraka aliye na maradhi haya ni kumrudisha alikotoka. Alipe sala moja kwa kila faridha, au chache kuliko hizo, na akichoka apumzike. Asihesabu kwa daftari, nisije nikamtoa katika wazimu nikamtia katika waswasi. Na akirudiwa na ugonjwa mtu asimwambie neno la kadha.

Hukumu hiyo ni ya sala. Ama dhambi, kama ilikuwapo au haikuwapo, siku gani kalamu ilisimama na siku gani ikaandika, hilo si langu wala si lako. Yule anayeishika ndiye aijuaye siku yenyewe, nasi hatuna ruhusa ya kuisoma juu ya bega lake. Na usimwambie mwanao ya kuwa alikuwa asi. Hujui.

Kuna jambo ambalo hukuniuliza, nalo ni kile kipigo ulichompiga wewe. Sikulaumu, maana nitakulaumuje? Nitakueleza tu nililolifanya baada ya kusoma barua yako. Nalikwenda kumtafuta yule mwanafunzi. Nikaambiwa yuko kwa dadake, ashona kofia. Nikamkuta barazani na sindano mkononi, mvi zimemwingia ndevuni, mtu mzima mwenye adabu, ameza dawa zake na akili yake imo. Nikamwambia nimekuja kumuomba radhi kwa siku ile. Akanyamaza kitambo, akaendelea kushona, mpaka nikadhani hanikumbuki. Kisha akaniuliza: “Mwalimu, nalikuwa nimefika sura gani?”

Nikamwambia, Taha.

Akaitua kofia, akasogea akanipa nafasi ya kukaa, tukaanza pale.